Gesi au stima? Kwa wanetu wa Malindi wanaokwenda Uingereza

Niko Malindi likizo, na juzi baada ya alasiri mpwa wangu aliyepata chuo Leicester akanijia na simu mkononi, mjomba hebu niangalilie hizi nyumba mbili, kodi sawa chumba sawa, moja ina gesi nyengine stima tupu, nichukue ipi? Moyo wake ulishaelekea kwa ile ya stima, manake kwao Barani gesi ni mtungi na ukiisha usiku umekwama, stima unabonyeza tu. Nikamwambia kaa tupige hesabu kwanza. Na nyinyi mnaojiandaa na safari nawaandikia hesabu hio hio, sababu mimi baridi yangu ya kwanza kule sikuwa na wa kuniambia, nilinunua kihita cha kuchomeka cha kilowati 2, mita ilikuwa ya kulipia kabla kama tokeni zetu hapa, na pesa ya wiki nzima ikaisha siku ya tatu, nikalala na koti.

Gesi ya kule haibebwi kwa boda, inakuja kwa bomba chini ya ardhi mpaka kwenye boila, boila inachemsha maji na maji yanazunguka kwenye rediaeta za kila chumba. Kwenye bili inahesabiwa kwa yuniti vilevile kama stima, kwa hivyo kulinganisha si kazi. Kwa bei za kikomo za Ofgem, wasimamizi wa stima na gesi kule, mwaka 2025 yuniti ya stima ilikuwa kama peni 25 hadi 27, ya gesi peni 6 hadi 7. Mara nne hivi! Bei hubadilika kila miezi 3 lakini pengo hilo limekaa muda sasa.

Sasa chukua kihita kile changu, ukiwashe saa 6 kwa siku, ni yuniti 12, mara peni 25 ni pauni 3, mwezi pauni 90 na hapo umepasha chumba kimoja tu. Joto lile lile kwa boila nzuri, hata ukitoa asilimia 10 inayopotelea kwenye bomba la moshi, ni kama peni 80 kwa siku, pauni 24 kwa mwezi. Ongeza ada ya kila siku ya mita ya gesi, kama peni 30, unailipa hata usipowasha kitu. Kwa hivyo mtu wa kijichumba kidogo ambaye kutwa yuko chuo, stima tupu haitamuumiza sana. Ila familia yenye mtoto mchanga, wallahi tafuteni ya gesi.

Halafu stima zenyewe si moja. Ukikuta nyumba ina pampu ya joto usiikimbie, ile inavuta joto lililoko nje hata kukiwa na baridi ikaliingiza ndani, kama friji iliyogeuzwa, yuniti 1 inakupa joto la kama yuniti 3, inakaribiana na gesi. Kuna na zile hita nzito zenye matofali ndani, zinajaza joto usiku stima ikiwa rahisi zinaliachia mchana, hizo ni sawa ikiwa mita ni ya bei mbili, ikiwa ya bei moja hakuna faida.

Na hili nalisema kwa uchungu. Jiko la makaa lisiingie ndani ya nyumba ya kule, hata bili ikushinde vipi. Huku kwetu jiko liko uani, upepo wa kusi unapita, kule madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi na ile hewa ya sumu ya makaa haina harufu, watu hulala wasiamke. Boila mbovu nayo inatoa sumu hio hio, ndio mwenye nyumba lazima kisheria aikaguze kila mwaka kwa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na akupe cheti, kidai kabla hujahamia, na uone kengele ya hio sumu iko ukutani inafanya kazi.

Mpwa wangu keshamwandikia wakala wa ile ya stima, hita ni za aina gani na mita ni ya bei moja au mbili. Deposit haitumi mpaka ajibiwe.