Mfereji wa skimu: namna ya kuyafikisha maji kwa mkulima wa mkiani

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa vyama vya umwagiliaji na wagawa maji wa skimu za wakulima wadogo, zile zinazochota mtoni kwa banio (kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini), zenye mfereji mkuu, matawi, na matoleo ya kuingiza maji mashambani. Mifano yangu ni ya uwanda wa chini wa Moshi, kwenye mpunga, lakini kazi ni ileile kwa kitunguu au mahindi. Kipimo changu cha skimu ni kimoja: yule wa mkiani, mwisho wa mfereji, amepata maji siku ya zamu yake au hakupata? Banio linaweza kuwa la zege safi na ofisi ikawa na bati jipya, na bado huyo akalala na jaruba, kipande chake cha shamba la mpunga, lililopasuka kwa ukavu.

Hatua ya 1: Tembea mfereji, ukianzia mkiani

Wengi huanzia kwenye banio kwa sababu ndiko gari linakofika. Anzia mwisho, panda kwenda juu, na ufanye hivyo maji yakiwa yanapita. Wakulima wa mkiani wanajua saa maji yanapokatika na siku gani, maana wamekaa wakiyangoja. Waulize kabla hujaonana na wa juu.

Uwe na daftari, rangi na vigingi. Tazama zaidi upande wa nje wa kingo kuliko ndani. Wakati wa kiangazi, majani yote yakiwa yamekauka, ukiona kipande cha ukoka wa kijani kibichi kwenye mguu wa tuta, hapo pana maji yanayopenya. Chomeka kigingi. Matundu ya kaa na panya huonekana kwa udongo mbichi uliotupwa mdomoni. Matoleo ya wizi nayo yana dalili zake: mrundo wa majani makavu ya mgomba mahali pasipo na mgomba, na chini yake kipande cha bomba. Usigombane na mtu siku hiyo. Andika tu.

Hatua ya 2: Pima maji kwa chungwa

Huhitaji mashine. Chagua sehemu mbili zilizonyooka, moja juu na moja chini ya eneo unalolishuku, na katikati kusiwe na toleo lililofunguliwa. Katika kila sehemu pima mita 20 na uweke kigingi kila upande. Chungwa linafaa kuliko kipande cha kijiti kwa sababu sehemu yake kubwa huzama, upepo haulisukumi ovyo. Lidondoshe katikati ya mfereji, juu kidogo ya kigingi cha kwanza, na uhesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Kisha pima upana wa maji, na kina mahali patatu: kushoto, katikati, kulia. Tuseme upana ni mita 0.8, wastani wa kina mita 0.3, na chungwa limetumia sekunde 50. Mwendo ni 20 gawanya kwa 50, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha: 0.8 × 0.3 × 0.4 = 0.096. Maji ya juu hukimbia kuliko yanayokwaruza sakafu na kingo, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.7 kama mfereji ni wa udongo (uliosakafiwa, tumia 0.8 au zaidi kidogo). Unapata 0.067, ambayo ni lita 67 kwa sekunde.

Ukipima chini ukakuta lita 45, umepoteza lita 22 katikati ya vipimo viwili, theluthi ya maji yote. Ukishaisoma namba hiyo mkutanoni, mabishano ya “wa juu wanatuonea” hugeuka kuwa swali la kigingi gani hadi kigingi gani.

Pima pia pale mfereji unapoanza na ulinganishe na kibali chenu cha kutumia maji, kile kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kama mtoni kwenyewe maji hayatoshi, hakuna jembe litakalosaidia. Skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani na kutegemea mito ya Rau na Njoro, ilikutana na hilo: mpunga ulilipa, wakulima wa juu ya mabanio nao wakaingia kwenye mpunga, na kilichofika kwenye banio kikapungua. Jambo kama hilo hupelekwa kwenye jumuiya ya watumia maji ya mto na bodi ya bonde, mkiwa na vipimo vyenu mkononi.

Hatua ya 3: Fukua na kuziba

Funga maji. Fukueni kabla ya msimu, tena baada ya mvua kubwa kuleta mchanga. Hapa bidii bila kipimo ina hasara. Ukichimba chini ya sakafu ya awali, maji yanashuka chini ya mdomo wa toleo, na mwenye shamba lililo juu kidogo hapati kitu ingawa mfereji umejaa. Wekeni alama za zege zinazoonyesha sakafu ya kweli, na msimamizi apite na kamba. Tope litupwe nje, mbali na ukingo, upande wa bondeni. Likiachwa juu ya tuta, mvua ya kwanza italirudisha ndani.

Kuziba kwa migomba na nyasi ni kuahirisha uvujaji: vikioza vinaacha tundu kubwa kuliko la mwanzo. Kata ukingo mpaka ufikie udongo mgumu, ukate kwa ngazi ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Tumia udongo wa kichuguu, wenye unyevu kiasi: ukiufinya mkononi ushikane bila kuganda kiganjani. Jaza tabaka la sentimita 15, shindilia, ndipo uongeze jingine. Juu yake panda ukoka. Mikaratusi usiiweke karibu na mfereji hata kama mtu anadai inazuia upepo.

Milango ya banio ipakwe grisi na kuzungushwa hata wakati haitumiki, la sivyo siku ya mafuriko haitashuka. Mto ukija mwekundu, funga maji yasiingie na fungua mlango wa kutolea mchanga.

Hatua ya 4: Panga zamu kwa saa

Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Ukitaka kuipa maji ya milimita 50, unahitaji mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Tawi likileta lita 20 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47. Nusu ekari, nusu ya muda. Saa ianze kuhesabiwa maji yanapofika kwenye toleo la mkulima, siyo mlango unapofunguliwa kule juu. Bila hivyo wa mkiani analipia safari ya maji kila wiki. Zamu za usiku zizunguke, zisiwe za wajane na wapangaji peke yao. Na jina kwenye orodha liwe la anayelima. Mama analima, zamu imeandikwa jina la mume aliyeko Dar es Salaam, mgawa maji anasema hamjui: ugomvi huo unazuilika kwa kalamu.

Hatua ya 5: Msaragambo, ada na majirani wa mfereji

Kazi ya pamoja igawanywe kwa mita, kila mtu na kipande chake chenye kigingi. Mkiitana tu “njooni saa moja”, watakuja wachache walewale. Asiyekuja alipe kibarua, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni za chama, na mwenyekiti alipe vilevile. Ada ikusanywe baada ya mavuno, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani.

Mfereji una watumiaji wasio na shamba. Ng'ombe wakikosa pa kunywea watabomoa ukingo, kwa hiyo jengeni birika pembeni na kivuko cha zege. Kuosha bomba la dawa ndani ya mfereji kupigwe marufuku kabisa. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye magugu; kung'oa magugu na kukausha matawi kati ya zamu kunawapunguza. Na kwenye banio, simamieni mita 60 za kingo za mto ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazikataza kwa shughuli za kudumu.

Msimu ukiisha, rudini na chungwa kwenye vigingi vilevile na muandike namba mpya kando ya zile za zamani. Kipande kinachoendelea kupoteza maji baada ya kuzibwa vizuri ndicho cha kuombea fedha za kusakafia. Ombeni mita hizo tu, na jedwali la vipimo liambatane na barua.