Kufunga vitanda vya kukunja kwenye trela ya kubebea pikipiki

Kwenye trela inayobeba pikipiki mchana na kulaza watu usiku, vitanda vya kukunja huwa nyuma ya magurudumu, na huko ndiko trela hurushwa zaidi barabara ikiwa mbovu. Komeo linalotosha trela ikiwa imeegeshwa halitoshi njiani. Kila kitanda kiwe na vishikizo viwili: komeo au pini yake, na mkanda.

Kwanza toa mito na mablanketi. Godoro nene huzuia kitanda kufika mwisho, na komeo likashika kwa ncha tu. Ukisikia limegonga lakini kitanda bado kinacheza, fungua urudie. Godoro likizidi, litoe kabisa ulifunge mbali na ekzosi, ambayo hubaki ya moto muda mrefu baada ya pikipiki kuzimwa.

Mikono ya gesi (bomba zenye gesi zinazosukuma kitanda juu) isikudanganye. Kazi yake ni kukusaidia kunyanyua, si kufunga, na kwenye baridi nguvu yake hupungua.

Mkanda wa upana wa milimita 25 wenye bakli ya kubana kwa mkono unatosha. Wa racheti, unaokazwa kwa mpini na gurudumu la meno, una nguvu kupita kiasi kwa kazi hii: hupinda bomba jembamba la fremu au hung'oa skrubu za bawaba. Zungushia mkanda kwenye fremu ya kitanda, si kwenye godoro, kisha sukuma kitanda kwa kiganja. Kikicheza zaidi ya sentimita moja, kaza tena. Mkia wa mkanda ufungwe usining'inie.

Sehemu inayoharibika zaidi ni pale mkanda unaposhikwa ukutani. Kuta nyingi za ndani ni plaiwudi ya milimita chache tu, na skrubu iliyoingia humo peke yake itachomoka. Tafuta nguzo ya fremu kwa kugonga ukuta na kuangalia mistari ya skrubu za kiwandani; sumaku haitashika fremu ikiwa ya alumini. Kabla ya kutoboa hakikisha hakuna nyaya nyuma. Penye nafasi ya kufikia upande wa pili, weka bolti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6), washa pana (kisahani chenye tundu) na nati yenye plastiki ndani, kwa sababu nati ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Usitumie pete za sakafuni zinazoshika pikipiki: mkanda unaotoka chini huvuta kitanda kifunguke, na pikipiki inaposhuka na kupanda kwa shokomzoba zake, mkanda hulegea.

Vitanda vya mota, yaani vinavyopanda na kushuka kwa umeme, vipandishwe hadi usawa wa safari ulioandikwa na mtengenezaji, kisha vitiwe pini au mikanda yake. Achia swichi mara vinapofika. Kona moja ikibaki chini kuliko nyingine, usiondoke kabla hujarekebisha. Pikipiki ikishafungwa, acha angalau sentimita 10 kati ya vioo vyake na kitanda.

Simama baada ya kilomita 15 hivi, maana mikanda mipya hurefuka. Vumbi la mbao chini ya skrubu, au unga mweusi kwenye alumini, ni dalili kwamba kiungo kinasuguana: kaza hapo hapo. Ukifika, shikilia kitanda kwa mkono mmoja kabla ya kufungua mkanda, kwa kuwa komeo huenda lilishaachia njiani.