Mbugani mwezi Juni: beba sweta

Masika yakishakatika, wengi hukimbilia Tarangire wakidhani tembo wameshajaa mtoni. Mwanzoni mwa Juni bado: madimbwi yana maji, nyasi ndefu, wanyama wametawanyika. Ukiweza, Tarangire isogeze hadi Agosti. Juni nenda Serengeti magharibi, upande wa mto Grumeti, ambako nyumbu hupita wakielekea kaskazini. Tarehe kamili usiulize, nyumbu hawana kalenda.

Halafu baridi! Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri, gari likiwa limefunguliwa paa, meno yanagongana. Sweta zito na kofia ya kufunika masikio. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda mno.