Picha kali kwenye simu, ukungu kwenye bango: pima kabla ya kuchapa

Picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani iliyopigwa kwa simu ya megapikseli 12 ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 4000 kwa 3000. Ukiitazama kwenye simu ya inchi 6.5 iliyoshikwa wima, inakaa kwenye upana wa sentimita 7 tu, na karibu kila pikseli nne za upana hubanwa kuwa moja. Mkono uliotikisika, fokasi iliyoteleza, ukungu wa chumvi ya bahari kwenye lenzi, vyote vinamezwa humo. Ihamishie kwenye televisheni ya inchi 43, ifike sentimita 71, uone aibu zinavyotoka.

Basi usiulize kama picha ni kali. Uliza itakuwa na upana gani, na mtu atasimama wapi. Hesabu yake ni fupi, imetokana na uwezo wa jicho zima kutenganisha nukta:

upana (sm) × 3440 ÷ pikseli za upana = umbali (sm)

Ukisogea karibu kuliko jibu hilo, ulaini unaanza kuonekana. Ukikaa mbali zaidi, pikseli nyingi hazikuongezei kitu.

Tuseme ni bango la mita 3 la harusi, Mtwara mjini. Kwa picha halisi, 300 × 3440 ÷ 4000 ni sm 258. Ile iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli 1600 hivi, na jibu linaruka hadi sm 645. Bango la juu ya duka, linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, litapona. La nyuma ya maharusi, ambapo wageni wanasimama hatua mbili wapige picha, halitapona. Hata kwenye A4 picha hiyo inadai sm 64, na karatasi tunaishika kwa sm 35. Kwa hiyo mtumie mtu wa steshenari picha halisi kwa WhatsApp kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi. Kuipiga skrinshoti ndiyo kuiua kabisa.

Kunoa picha, yaani kuongeza ukali wa kingo kwa programu, kuje mwisho. Ipunguze kwanza hadi kipimo cha kazi, kisha ndipo unoe. Ukinoa kabla, michirizi ya kinyago cha Kimakonde au nyuzi za mkeka hugeuka mawimbi na ngazi ngazi picha inapopunguzwa. Kwenye televisheni, shusha ukali (sharpness) kwenye mipangilio mpaka mstari mweupe pembeni mwa vitu upotee, uishie hapo. Mstari ule unadanganya, hauongezi undani wowote.

Kabla ya kulipia bango, jaribu kipande. A4 iliyolala ina upana wa sm 29.7, karibu sehemu moja ya kumi ya mita 3. Kata pikseli 400 kwa upana kutoka picha ya 4000, penye uso wa mtu, uchape zijaze karatasi. Bandika ukutani, rudi nyuma hadi pale wageni watakaposimama, utazame. Macho yakionekana kama matope, punguza bango au tafuta picha nyingine.