Kuiandaa Hilux Nyumbani kwa Safari za Porini na Shughuli za Kila Siku

Mtu mwenye pikapu moja tu, ambayo Jumatatu inampeleka kazini, Jumatano inabeba saruji na mwisho wa mwezi inatakiwa kufika Ziwa Natron au Ruaha, hawezi kuiandaa kama anavyofanya mwenye gari la pili la kujifurahisha. Kila kifaa anachokifunga kwa ajili ya porini atakibeba pia kwenye foleni ya mjini, na atakilipia kwa mafuta, kwa breki na kwa springi. Ndiyo maana swali la kwanza linahusu uzito, na suala la mwonekano linafuata baadaye sana. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuifikiria Toyota Hilux ya dabo kabini, yaani Vigo iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na Revo iliyoifuata mwaka 2015, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye miji ya wilaya. Hata hivyo, mwenye Ford Ranger, Isuzu D-Max au Mitsubishi L200 ataona kwamba mengi ya yaliyomo yanamhusu.

Tafuta kwanza kibati cha mtengenezaji, au kitabu cha gari, usome uzito wa juu unaoruhusiwa. Hilux nyingi za dabo kabini zina uwezo wa kubeba kiasi cha kilo 800 hadi 1,000 kutegemea toleo, na uwezo huo unajumuisha abiria. Watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja tayari ni kilo 375. Ongeza bampa ya chuma ya kilo 60, winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) ya kilo 40, kanopi (kifuniko cha bodi ya nyuma) ya kilo 70, hema la juu ya paa la kilo 60, droo za kilo 70, lita 60 za maji, madumu mawili ya dizeli yanayokaribia kilo 40, betri ya pili ya kilo 25, na kilo 110 za chakula, friji, zana na tairi la pili la akiba. Jumla inafika kilo 910 kabla hujaweka begi hata moja la nguo. Gari la namna hiyo limekwisha kujaa, na kwa baadhi ya matoleo limekwisha kuzidi. Kwa hiyo andika orodha ya vitu vyako pamoja na uzito wake kabla ya kununua chochote, kisha uvuke mstari juu ya kila kitu ambacho hukihitaji kwa safari unazozifanya kweli. Kwa maoni yangu winchi ndiyo inayostahili kukatwa mapema zaidi kwa mtu anayesafiri akiongozana na gari jingine, na hema la juu linafuata, kwa sababu linapandisha uzito mahali pabaya kabisa, yaani juu, na gari linayumba kwenye kona.

Fedha ya kwanza iende kwenye matengenezo. Bushi zilizokwisha, boljointi zenye mchezo, rejeta iliyoziba na pedi za breki zilizoisha haziponi kwa kufunikwa na vifaa vipya, na porini ndipo zinapojitangaza.

Baada ya hapo ni tairi, na hapa hakuna kifaa kingine kinacholeta tofauti kubwa kwa shilingi ile ile. Chagua tairi za mchanganyiko, zinazojulikana kwa herufi A/T, ambazo zinavumilia lami na changarawe. Zile za matope, M/T, zinapiga kelele kwenye lami, zinaisha mapema, na nyingi hazishiki vizuri kama A/T kwenye lami iliyoloa, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam hawezi kulipuuza wakati wa masika. Hilux nyingi zinatoka kiwandani na saizi 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776. Ukihamia 265/70R17 kipenyo kinakuwa milimita 803, maana yake gari linapanda kwa milimita 13 tu, na mshale wa spidi ukionyesha 100 utakuwa unakwenda kilomita 103 na kitu. Ongezeko hilo linavumilika. Saizi 285/70R17 inafika milimita 831, na hapo inaanza kugusa plastiki za ndani ya matao, gia zinakuwa nzito, na ulaji wa mafuta unaonekana. Nunua zenye kuta imara, hasa kama safari zako zinapita Engaruka kuelekea Ngare Sero, ambako mawe ya volkano yana ncha kali na hukata tairi ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki.

Tairi nzuri zenye upepo usiofaa ni nusu ya faida. Kwenye lami fuata kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mfano ile ya kuingilia Serengeti kupitia Naabi, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 26 hadi 28 zinapunguza mtetemo unaolegeza nati na kuchosha shokapu. Kwenye mchanga mzito wa korongo kavu shuka hadi psi 18 au 20, uendeshe polepole bila kukata kona kwa ghafla, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo inaweza kuchomoka kwenye rimu. Kompresa ndogo ya volti 12 na kipimo cha upepo cha kuaminika ni vya lazima, kwani kupunguza upepo bila uwezo wa kuurudisha ni kujitafutia ajali ukirudi kwenye lami.

Springi na shokapu ndizo zinazowapotosha wengi, kwa kuwa watu huzinunua kwa ajili ya urefu. Springi za nyuma huuzwa kwa kiwango cha mzigo wa kudumu, na mwenye kufunga zile za kilo 300 wakati bodi ni tupu siku zote za juma atarushwa kwenye kila tuta na kila rasta hadi aichukie gari. Chagua springi kwa mzigo ambao gari linabeba kila siku, ikiwemo kanopi na droo kama hazishuki. Kwa urefu, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Ukizidi hapo, shafti za magurudumu ya mbele zinapinda kwa pembe kali na buti zake za mpira zinachanika, huku propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ikianza kutetemeka unapoondoka.

Mbele, springi ya mviringo imebanwa juu ya shokapu kwa nguvu inayoweza kumuua mtu ikifyatuka, hivyo kazi hiyo ipelekwe gereji yenye kibanio madhubuti. Nyuma inawezekana kufanyia nyumbani kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, pandisha gari, kisha ulikalishe kwenye stendi mbili zilizowekwa chini ya chesisi. Usiliache kwa jeki peke yake hata kwa dakika moja. Toa magurudumu, shikilia ekseli kwa jeki, fungua shokapu na yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), halafu ishushe ekseli taratibu huku ukiangalia bomba la breki na kijipira cha kupumulia cha difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) visivutike. Fungua pini za mwisho, toa springi ya zamani, weka mpya, na uhakikishe kichwa cha bolti ya katikati kimekaa sawasawa ndani ya tundu lake kwenye kikalio cha ekseli, kwa sababu kisipokaa hapo ekseli itakwenda upande. Tumia yubolti mpya, uzikaze kwa kupishana, hatua kwa hatua. Bolti zinazopita kwenye bushi usizikaze hadi mwisho gari likiwa linaning'inia. Rudisha magurudumu, lishushe chini, litikise, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Ukikaza mapema, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara. Vigo nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo huongeza nguvu ya breki za nyuma bodi inapolemewa na kushuka. Ukiinua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu hata ukiwa umebeba toni, na breki za nyuma zinadhoofika. Mwambie fundi airekebishe, kisha upeleke gari likapimwe alaimenti, na taa kubwa zishushwe ili usiwapofushe wanaokuja mbele yako.

Umeme unaweza kuumudu mwenyewe ukifuata kanuni moja: kila waya unaotoka kwenye chanya ya betri uwe na fyuzi karibu na betri, kabla waya haujapita popote ambapo bati linaweza kuukwangua. Chukua mfano wa taa ya ziada ya wati 120. Kwa volti 12 inavuta ampea 10, kwa hiyo waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 vinatosha kwa umbali mfupi wa mbele ya gari. Rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, kwa kawaida ina miguu yenye namba 30, 85, 86 na 87. Mguu wa 30 unapokea moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 unaupeleka kwenye taa, 85 unaungwa kwenye bati la gari lililokwanguliwa rangi, na 86 unapokea waya mwembamba kutoka swichi ya ndani. Moto wa swichi hiyo uuchukue kwenye waya wa taa kali, ili ukishusha taa zako, ile ya ziada nayo izimike yenyewe. Betri ya pili haihitajiki kwa anayelala usiku mmoja mahali na kuendesha kesho yake. Friji yenye kikata umeme betri inapopungua inamtosha. Kama utachomelea chochote kwenye gari, toa kwanza nyaya za betri, na chesisi yenyewe usiitoboe wala kuichomelea mahali ambapo kiwanda hakikuweka tundu.

Bodi ya nyuma ndiyo inayoonyesha kama umeifikiria Jumatatu. Droo za plaiwudi ni kazi nzuri ya nyumbani, lakini karatasi moja nzima ya milimita 18 inakaribia kilo 32, ilhali ya milimita 12 ni kama kilo 21, na ya pili inatosha kwa kuta zote ukiimarisha pembe kwa vyuma vya pembe vya aluminiamu. Zifunge kwenye ringi za kiwandani kwa bolti nne zenye nati za kipepeo, ili siku ya kubeba saruji watu wawili wazitoe bila spana.

Vumbi ni adui wa namna yake. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma ya kanopi inapungua msukumo, na vumbi linafyonzwa kupitia mianya ya mlango wa bodi, hasa chini na kwenye bawaba. Bandika mpira wa milango ya magari kuzunguka mianya yote, ziba matundu ya sakafu, kisha weka kidirisha kidogo chenye chujio mbele ya kanopi ili hewa iingie kutoka huko na kuujaza uwazi wa ndani. Ukiziba tu bila kuingiza hewa, unga wako utaendelea kuwa na rangi ya barabara.

Kuhusu kujikwamua, anza na koleo, vibao viwili vya kuwekea chini ya tairi, kamba ya kuvutika na shakli mbili za milimita 19 zenye alama ya toni 4.75. Ndoano nyembamba za mbele kwenye magari mengi zilikusudiwa kulifunga gari melini, si kulivuta kutoka kwenye udongo mweusi wa mbuga, hivyo nunua ndoano zilizopimwa zinazofungwa kwenye matundu ya chesisi. Usifunge kamba kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia tela: kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Jeki ya kiwandani ibebe pamoja na kipande cha mbao pana na nene, kwa kuwa kwenye mchanga inazama badala ya kuinua.

Snokeli, yaani bomba linalopandisha njia ya hewa ya injini hadi usawa wa paa, haimfanyi mtu kuwa na manowari. Inalinda njia ya hewa ya injini pekee, wakati difu na gia boksi hupumua kupitia vijipira vyao, na zikizama zikiwa na joto hufyonza maji ndani ya oili. Kurefusha vijipira hivyo hadi karibu na boneti ni kazi ya asubuhi moja na ya gharama ndogo, na ifanywe kabla ya kufikiria snokeli.

Badiliko la rangi, injini au aina ya bodi linatakiwa kuingizwa kwenye kadi ya gari, na nchini Tanzania usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Mapato. Taarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi, ukiorodhesha vifaa na thamani yake, kwani bima haitalipa kitu isichokijua.

Mwisho pakia kila kitu pamoja na watu, mafuta na maji, upime gari kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa chuma chakavu, ekseli moja moja ikiwezekana, ulinganishe na kile kibati. Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza tena nati za magurudumu, na baada ya 500 yubolti. Ukitoka Natron osha chini ya gari kwa maji mengi siku hiyo hiyo, hasa mahali ulipotoboa, kwa sababu vumbi la magadi likikutana na unyevu hula bati, na rangi uliyopaka kwenye matundu ikaguliwe mkwaruzo kabla ya gari kurudi kazini.