Unatoaje kadi kwenye seva bila kuumiza mazabodi

Kama umezoea kompyuta ya mezani, fungua skrubu moja vuta kadi imetoka, seva ya raki usiiendee hivo hivo. Nachukulia mfano wa Dell PowerEdge R740 ndo nazishika sana, na tuseme kadi yenyewe ni ya netiweki.

Kabla hujagusa bisibisi hakikisha bakapu ipo na inafunguka. Kama ni Linux piga ip a (inaonyesha poti za netiweki na IP zake) na lspci (inaorodhesha kadi zilizomo), majibu yake yatunze pembeni, utayahitaji mwishoni. Halafu zima kwa amri, sio kukandamiza batani mpaka ife.

Hapa sasa ndo wengi wanateleza. Seva hii mara nyingi ina pawa saplai mbili, na hata ukiizima, maadamu waya mmoja umechomekwa kuna umeme wa stendbai unatembea kwenye mazabodi (bodi kuu ya seva), ndo maana iDRAC, ile sehemu ya Dell ya kusimamia seva ukiwa mbali, bado inaitika. Chomoa nyaya ZOTE, bonyeza batani ya pawa ushikilie sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki, kisha zunguka nyuma uangalie. Ukiona taa hata moja inawaka basi kuna waya umeusahau.

Kebo za netiweki zibandike lebo na upige picha kwa simu. Faiba (kebo inayopitisha mwanga wa leza) ukichomoa ivishe kizibo chake, na tafadhali usichungulie ncha yake, ile leza huioni lakini jicho inaliumiza.

Vuta seva kwenye reli, fungua kava, vaa bangili ya stetiki, ile ya kuzuia umeme tuli wa mwili usiunguze vifaa, uifunge kwenye chuma cha seva. Usiseme sisi Dar tuna unyevu haina haja, ndani ya seva rumu eisii imeshaikausha hiyo hewa.

Kadi humo ndani haijasimama kwenye mazabodi, imelala, imechomekwa kwenye raiza, kile kibodi kidogo kinachochomekwa kwenye mazabodi na kubeba kadi. Kwa hiyo inatoka raiza kwanza ikiwa na kadi yake. Shika penye rangi ya bluu, Dell wameweka bluu kuonyesha pa kushika, ya chungwa ndo vile vitu unaweza kutoa seva ikiwa inawaka na kadi yako haimo. Inua wima, usiipindishe. Ikishakuwa mezani fungua lachi inayobana kadi, shika kadi kingo zake mbili uivute taratibu bila kugusa pini za dhahabu. Ikikataa, acha, tafuta kilichoshika. Mimi niliwahi kulazimisha na lachi haijafunguka, kile kiplastiki cha sloti kikakatika, seva ya mteja ikalala siku mbili tukisubiri raiza nyingine, na bado inaniuma.

GPU ina waya wake wa pawa, uchomoe kabla ya kuinua raiza. Kadi ya RAID, ile inayosimamia diski kwa pamoja, usiiguse kama bado unahitaji data za zile diski.

Kadi iingie kwenye mfuko wa stetiki, na tundu lililobaki nyuma liweke kile kibati cha kuzibia, maana feni zinategemea hewa ipite njia yake.

Rudisha raiza, kava, nyaya, washa ukiangalia kupitia konsoli ya iDRAC. Usitegemee SSH (kuingia kwenye seva kupitia netiweki), sababu majina ya poti kama enp59s0f0 yanatokana na namba ya basi ya PCI, ile njia inayounganisha kadi na seva, na ukitoa kadi namba zinaweza kusogea, poti iliyobaki ikaja na jina jipya na IP isishike. Linganisha na yale majibu uliyotunza, rekebisha jina kwenye konfigi, kabla hujaanza kuhisi umeunguza kitu.