Somo: Jinsi ya kutembelea mji mkongwe wa Salvador, Brazil, kwa siku moja

Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, ulianzishwa na Wareno mwaka 1549 na ukawa makao makuu ya Brazil hadi 1763. Wageni wengi hukimbilia ufukweni. Mimi nakushauri uanze na mji mkongwe, maana ulijengwa kwa jasho la Waafrika waliopelekwa kule utumwani, na athari yao ungali unaiona.

Hatua ya 1: Anzia chini, karibu na bandari, kwenye soko la Mercado Modelo. Usinunue kitu bado. Vuka barabara, panda lifti ya Elevador Lacerda. Ilifunguliwa 1873, ina kimo cha mita 72, na ukitoka juu unaiona ghuba yote.

Hatua ya 2: Nenda uwanja wa Terreiro de Jesus. Ndani ya jengo la chuo cha zamani cha udaktari kuna Museu Afro-Brasileiro. Usiiruke. Msanii Carybé alichonga kwenye mbao kubwa orixá, yaani miungu wa Candomblé, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika, kila mmoja na zana zake. Simama hapo bila haraka.

Hatua ya 3: Teremka hadi Pelourinho, mahali palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watumwa viboko. Kwenye mteremko huo kuna kanisa la buluu, Rosário dos Pretos. Waumini weusi, watumwa na walioachwa huru, walianza kulijenga 1704 kwa sababu makanisa ya mabwana hayakuwa yao. Ukibahatika kufika Jumanne, ingia misa ya jioni; ngoma hupigwa humo humo ndani.

Hatua ya 4: Kula acarajé. Mlo huu peke yake unatosha kumfurahisha mtu wa pwani yetu, kwani ni ndugu wa bajia za kunde. Kunde hulowekwa, humenywa, husagwa, kisha rojo hupigwa kwa mwiko mpaka liumuke. Mama muuzaji, amevaa nguo nyeupe na kilemba, hulichota kwa kijiko na kulitumbukiza kwenye mawese yanayochemka. Likiiva hupasuliwa na kujazwa vatapá (rojo zito la kamba, tui la nazi na mawese) na kamba wakavu. Akikuuliza kama unataka "quente", anamaanisha pilipili, si moto.

Hatua ya 5: Saa kumi jioni chukua teksi hadi mnara wa taa wa Barra. Mji uko pwani ya mashariki, lakini kwa vile mnara uko mdomoni mwa ghuba, jua huzamia baharini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mbona hujataja kanisa la dhahabu?
Jibu: São Francisco ni zuri sana, ila sehemu ya dari yake iliporomoka Februari 2025 na mgeni mmoja akafariki. Ulizia kwanza kama limefunguliwa.

Swali: Kaka, nitakwenda na mama, magoti yanamsumbua. Ataweza?
Jibu: Dada, mawe ya Pelourinho yanateleza na mteremko ni mkali. Mfikishe Terreiro de Jesus, pale ni tambarare, na muuza acarajé hakosekani. Mteremko nenda wewe, yeye apumzike.

Swali: Usalama vipi?
Jibu: Mchana barabara kuu za mji mkongwe zina watu na polisi. Usiingie vichochoro vitupu, na giza likiingia panda teksi hata kama ni karibu. Simu ikae mfukoni.